Foklifti ya ghala: tazama mlingoti kabla ya injini

Mwaka jana nilinunua foklifti ya tani 2.5, nikaipeleka godauni letu la Industrial Area huku meno yote nje. Siku ya tatu likaja kontena la futi 20, karatasi tupu, paleti juu ya paleti. Dereva akapanda rampu, akaingia, akainua uma kufuata paleti ya juu. Haujafika hata mita moja, kichwa cha mlingoti, zile reli za wima ambazo uma hupandia, kikagonga paa. Tuliita vibarua wanane, wakashusha kwa mikono hadi saa nne usiku.

Kwa hivyo mambo ya injini na matairi mtayasoma kwingine. Mimi ni mlingoti tu, ule mafundi huita masti. Wa kawaida wa hatua mbili huanza kurefuka uma ukishapanda sentimita 15 hivi. Ukiwa umekunjwa tayari una karibu mita 2, na kimo cha ndani cha kontena la kawaida ni kama mita 2.39. Piga hesabu mwenyewe. Wa hatua tatu wenye silinda ya katikati hupandisha uma zaidi ya mita moja kabla haujarefuka. Silinda hiyo humziba dereva macho kidogo, lakini atazoea. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji ainue uma hadi usawa wa kiuno chako. Kichwa cha mlingoti kikipanda nao, shika njia.

Ya kwanza kwangu ni Toyota ya dizeli, tani 2.5, yenye mlingoti huo wa hatua tatu. Naipendelea na sifichi: vipuri vipo, na mafundi wa hapa wameizoea. Ila ghala la chakula lisilopitisha hewa, moshi huo hapana.

Ya pili ni ya umeme ya magurudumu matatu. Hugeuka padogo. Betri yake ya risasi hutaka kama saa nane kujaa, na stima ikipotea usiku, asubuhi mnatazamana. Uwanja wa kokoto usiipeleke.

Richi traki, ile ya umeme inayosukuma uma mbele kufikia rafu, naiweka ya tatu kwa sababu tu wengi wetu hatuna sakafu laini inayoitaka. Wenye nayo, wafikirie: yatosheka na njia ya mita 3 hivi kati ya rafu, ile ya kawaida ikitaka karibu 4, na hufika rafu za mita 8 na kupita. Kodi hapa huhesabiwa kwa futi za mraba. Hewa ya juu ni bure.

Handipaleti, kitoroli cha kuvuta paleti kwa mkono, na stacka za kusukuma, zinazoinua paleti bila dereva kupanda, ni za duka dogo.

Na hawa wauzaji! Mita ya saa za kazi inasema masaa 4,000, huku mpira wa pedali umelika hadi chuma. Bei wanataja kwa dola, kana kwamba tuko Yokohama, Japani. Aliyeniuzia, nilipompigia kuhusu mlingoti, alinijibu, "Lakini madam, si inainua?" Sasa yuko tayari kuichukua kwa nusu ya bei, na lori la kuirudisha nilipe mimi.