Kulenga sahani za udongo: viwanja nilivyopitia na pesa inakoishia

Kwenye viwanja vya kulenga sahani za udongo, bei inayoandikwa ukutani ni ya sahani tu. Raundi moja ni sahani 25, na ukiishia kuangalia bei hiyo utadhani huu ni mchezo wa bei poa. Halafu zinafuata risasi, shotgani ya kukodi, mkufunzi, vilinda masikio, miwani, na kwenye viwanja vingine ada ya kuingia getini. Nimepiga kwenye viwanja vya kifahari na vya kawaida, na nimeacha kabisa kuuliza raundi ni kiasi gani. Nauliza hivi: mtu asiye na bunduki wala risasi, akipiga raundi moja mpaka mwisho, anaondoka amelipa jumla kiasi gani? Uwanja unaolijibu swali hilo kwenye simu bila kuzunguka, kwa uzoefu wangu, ndio huohuo utakaoukuta unaendeshwa vizuri.

Kwa ambaye hajawahi kuzishika, sahani hizi ni vijisahani vya duara vyenye kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Mashine huzirusha hewani nawe unazipiga kwa marisau, yaani punje ndogo nyingi zinazotoka pamoja kwenye risasi moja ya shotgani, kabla hazijaanguka. Zamani watu walipiga njiwa hai, na hata kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa hai walipigwa. Kufikia wakati huo George Ligowsky wa Cincinnati alikuwa ameshapata hataza ya sahani yake ya udongo tangu mwaka 1880. Za leo hutengenezwa kwa unga wa chokaa uliochanganywa na lami: ngumu kiasi cha kuhimili kurushwa na mashine, laini kiasi cha kusambaratika zikiguswa na punje chache tu. Mashine ikiwa haijatunzwa, zinapasukia mlemle ndani. Hilo nitalirudia, maana ndiko pesa inakovujia.

Gharama inaanza na aina ya mchezo unaochagua. Kwenye skiti, sahani zinatoka kwenye vibanda viwili, kirefu upande wa kushoto na kifupi upande wa kulia, nawe unavizunguka vituo vinane. Kila sahani ina risasi moja, basi raundi ya sahani 25 inakula boksi moja la risasi 25 na hesabu imekwisha. Trapu ya Olimpiki ni habari nyingine. Mashine 15 zimefichwa kwenye mtaro, mita 15 mbele ya wapigaji. Hujui ni ipi itakayorusha, sahani inakukimbia kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, na unaruhusiwa risasi mbili kwa kila sahani. Anayeanza ataifyatua ya pili karibu kila mara, kwa sababu ya kwanza imepita hewani. Raundi inayoonekana kwenye ubao kuwa bei moja na ya skiti inaweza kukula karibu mara mbili kwa upande wa risasi. Hakuna uwanja ulionitajia jambo hilo kabla sijalipa.

Na risasi ndizo zinazoibeba bili. Viwanja vingi vinaruhusu uje na zako, lakini vingine vinakulazimisha ununue dukani kwao, na hapo ndipo uwanja wenye raundi ya bei ya chini unapojirudishia pesa. Ukiuliza, uliza pia uzito. Risasi za mashindano ya Olimpiki hubeba gramu 24 za marisau. Madukani zilizozoeleka sana ni za gramu 28. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ufike sahani ya hamsini, bega limeshachoka na unaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Kwa mgeni ningesema gramu 24, au hata 21 zikipatikana, bila kusita. Sahani haijui imepigwa kwa gramu ngapi. Kuna viwanja pia visivyotaka kizibo cha plastiki ndani ya risasi, kile kinachotenganisha baruti na marisau, kwa sababu kinabaki shambani, na vinadai risasi zenye kizibo cha nyuzi, ambazo huwa ghali kidogo. Mimi naona ni sharti la haki kabisa. Ila liandikwe mahali pa kusomeka kabla mtu hajafika na boksi zake.

Uwanja wa kifahari niliouendea una jengo la kupokelea wageni lenye makochi ya ngozi, kahawa haikatiki, na shotgani zake ni za kutazamwa. Bili ilikuwa kubwa kuliko popote nilipowahi kulipa, na sehemu kubwa ilikuwa ya mkufunzi. Ninautetea uwanja huo. Kabla ya kunipa risasi hata moja, mkufunzi aliniambia ninyooshe mikono, nitengeneze kitundu kwa viganja, niitazame sahani iliyowekwa mbali kupitia kitundu hicho, kisha nifumbe jicho moja. Kwa njia hiyo alijua jicho langu linalotawala ni lipi. Shotgani hailengwi kwa kutazama alama ya mbele kama raifo. Unaitazama sahani na mkono unafuata jicho. Jicho linalotawala likiwa upande usioegemea bunduki, utakosa siku nzima bila kujua sababu, na kila kosa unalilipia. Baada ya hapo akapima kitako cha bunduki kwenye bega langu, akaniwekea pedi ya mpira ili kiongezeke urefu kidogo, na shavu likakaa mahali pake.

Halafu akanieleza hesabu ambayo sijaisikia kwenye viwanja vingine. Sahani inayokatiza mbele yako, mita 35 kutoka uliposimama, ikienda mita 20 kwa sekunde, itakuwa imesogea zaidi ya mita mbili ndani ya muda ambao marisau yanautumia kuifikia, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo hupigi sahani, unapiga mahali inapokwenda. Na mkono haupaswi kusimama ukishafyatua. Mtutu uendelee kusogea mbele ya njia ya sahani. Alisimama nyuma ya bega langu, na kila nilipokosa alisema kwa neno moja marisau yalipopita: nyuma, chini, nyuma. Sijui macho yake yaliyaonaje, lakini nilipofuata alichosema sahani ilivunjika. Saa moja ya namna hiyo ilinifaa kuliko raundi nyingi za kupiga kwa kubahatisha, na nikigawanya gharama kwa nilichojifunza, ule uwanja wa ghali ndio uliokuwa nafuu.

Lakini singerudi pale kila wiki. Ukishaelekezwa, unachohitaji ni sahani nyingi na mashine zinazofanya kazi, na kochi la ngozi haliongezi kitu.

Viwanja vya msituni vina utamu wake. Hapo hakuna raundi ya aina moja. Unatembea kituo hadi kituo na kila kituo kinarusha sahani kivyake, nyingi kwa jozi. Moja inapanda wima kama bata aliyeshtuka majini, nyingine inadunda chini kwenye nyasi, hiyo wanaiita sungura na ukingo wake umeongezwa unene ili isipasuke ikigonga ardhi. Kuna ndogo za milimita 90, na za milimita 60 zinazokudanganya macho ukadhani ziko mbali. Kwa burudani, sijaona kinachozidi hapo. Kila kituo ni swali jipya na unaondoka na kiu ya kurudi.

Malipo huko huwa ya kadi. Ofisini wanakujazia idadi ya sahani ulizolipia, nawe unaichomeka kadi kwenye kidude kilichofungwa kwenye nguzo ya kituo. Kioo kidogo kinakuonyesha zilizobaki. Ukiwa peke yako kuna kitufe cha kuchelewesha: unabonyeza, unapata sekunde chache za kuweka bunduki begani, ndipo sahani inatoka. Mfumo mzuri sana, kwa sababu unalipia unachopiga na hakuna wa kukuharakisha. Kasoro ni kwamba kidude kinahesabu mibonyezo, hakijui sahani imetoka nzima au imetoka vipande. Kwenye uwanja mmoja, mashine ya kituo cha jozi ilikuwa ikitoa sahani moja nzima na ya pili vipande, mfululizo, na kadi ikaendelea kupungua. Nilipokwenda ofisini niliambiwa mashine ndivyo zilivyo. Kwenye uwanja mwingine wa msituni jambo lilelile lilipotokea, kijana wa zamu alikuja na kigari, akafungua mashine, akatoa mabaki, akairusha tupu mara kadhaa kuijaribu, kisha akaniongezea sahani kwenye kadi bila mimi kudai. Bei za viwanja hivyo viwili kwenye ubao zilikuwa zinakaribiana. Kwa sahani nilizopiga kweli, hazikukaribiana hata kidogo.

Nitoe onyo kuhusu vifurushi vya kikundi, vile vya sherehe na vya zawadi. Bei inatajwa kwa kichwa, kila kitu kimo ndani, na tangazo linasema saa mbili za kulenga. Nilichokiona ni watu kumi na zaidi wakipokezana bunduki mbili, mkufunzi mmoja, na kila mtu anapata sahani chache mno huku muda mwingi akiwa amesimama nyuma ya kamba. Ukigawanya bei kwa sahani, ilizidi hata ule uwanja wa kifahari. Kama mnataka kucheka pamoja na kupiga picha, sawa, mtafurahi. Kama unataka kujua iwapo mchezo huu unakufaa, nenda peke yako au na mwenzako mmoja, na uulize idadi ya sahani kwa kila mtu kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Kuhusu usalama sitanii, na ndicho kitu pekee ambacho nikikikosa naondoka hata kama nimeshalipa. Bunduki isiyo kituoni inapaswa kuwa imefunguliwa, mitutu imekunjwa chini, kila mtu aone kwamba haina kitu. Risasi zinaingia mtu akiwa kituoni tu, mtutu ukielekea uwanjani. Masikio nayo: mlio wa shotgani unapita desibeli 140, na hilo halihitaji mazoea, linahitaji kinga. Viwanja vizuri vinakuazima vilinda masikio na miwani bure na havikuruhusu kusogea bila hivyo, hata kama umekuja kutazama tu. Kuna mahali nilikuta vilinda masikio vinakodishwa, na waliokuja kutazama walikaa na viganja masikioni. Kumtoza mtu pesa ili asiharibikiwe masikio kwenye uwanja wako, hilo siwezi kulielewa.

Nilikomaa mwishowe na uwanja wa klabu, wa kawaida kabisa, wenye trapu moja na skiti moja. Jengo ni kibanda cha mbao, chai unajimiminia mwenyewe, na siku za mashindano utasubiri foleni mpaka uchoke. Lakini raundi wanayoitoza ni raundi kweli: sahani ikitoka imevunjika, mwamuzi anatamka haihesabiwi na inarushwa nyingine. Sahani zinaitwa kwa sauti. Maikrofoni iliyo mbele ya miguu yako inainasa na mashine inarusha papo hapo, kwa hiyo hutegemei kidole cha mtu aliyelala usingizi. Wazee wa klabu wanasimama nyuma na kukuambia unachokosea, wala hawakutozi. Ushauri wa mwingine unaupinga wa mwenzake, kweli, na mgeni anaweza kuchanganyikiwa. Ndiyo maana ningemshauri anayeanza alipie kwanza saa moja ya mkufunzi wa kweli mahali popote atakapompata, kisha aende klabu akajenge mkono.

Bunduki yako mwenyewe usiharakishe kuinunua. Kila nchi ina sheria zake za kibali na za kuhifadhi silaha nyumbani, na kabati la chuma, bima na usafi wake ni gharama ambazo hazimo kwenye bei ya dukani. Bunduki ya kukodi inakupa nafasi ya kujaribu urefu wa kitako na uzito tofauti kabla hujafunga ndoa na mmoja. Anayetumia mkono wa kushoto aulize mapema, kwa kuwa vitako vingi vya kukodi vimepinda kumfaa wa mkono wa kulia.

Ada ya uanachama ya klabu hiyo nililipa baada ya kupiga hesabu ya punguzo kwenye kila raundi, nikaona kwa mpigaji wa kila wiki inarudi kabla ya nusu mwaka. Risasi tunaagiza pamoja kwa kreti, na hapo ndipo bili yangu iliposhuka kwa namna ya kuonekana. Bunduki inayonifaa kitako naifahamu kwa namba yake kabatini, na nikipiga simu siku moja kabla wananiwekea.