TAHADHARI: Waranti ya gari inayoishia pale lami inapoishia

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaofanya kazi mikoani na mnajipanga kununua gari la juu kwenye yadi za Dar es Salaam, naomba mnisome kwa utulivu. Kuna yadi inauza "waranti ya mwaka mzima" kwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Mimi niliinunua. Nililipa milioni 2 na laki 4 juu ya bei ya gari, na siku nilipoihitaji nikaambiwa sina haki yoyote kwa sababu gari lilipita kwenye vumbi.

Jina la yadi silitaji kwa kuwa malalamiko yangu bado yanashughulikiwa. Lakini mbinu yao nitaieleza yote, mwitambue popote mtakapokutana nayo.

Mimi nauza dawa za mifugo. Duka langu liko Mto wa Mbu, ila kazi yenyewe iko minadani na kwenye maboma: Engaruka, Kitumbeine, Gelai, mpaka Longido. Anayezijua njia hizo anajua gari dogo halifiki. Nilimweleza kijana wa mauzo hivyo hivyo, kwanza kwa mdomo, kisha kwa WhatsApp nikamtajia vijiji kimoja kimoja. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti ambao ninao mpaka leo: "Mama, hiyo ndiyo kazi yake. Prado haiogopi rafu rodi. Na waranti ipo, ukipata shida unatupigia sisi." Gari lenyewe ni Prado ya 2007, ya petroli, milioni 56. Hela hiyo ni akiba ya miaka sita na mkopo wa kikundi chetu cha akina mama.

Kipeperushi cha waranti kilikuwa cha Kiswahili, maandishi makubwa: injini, giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), miezi 12. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nne za maandishi madogo. Nililetewa nikiwa nimeshalipa, funguo ziko mkononi, dereva wangu ananisubiri nje tuianze safari ya Arusha. Nikasaini. Kijana akasema pia kuna ofa: wananifungia GPS bure, kwa usalama wa gari. Nikamshukuru.

Mwezi wa nne, tukitoka Kitumbeine kurudi Longido, nikaanza kusikia mlio chini ya miguu, sauti ya kuvuma inayopanda kila tukiongeza mwendo. Tulifika Longido polepole. Fundi wa pale alisikiliza tu akasema, difu ya mbele. Sikumruhusu afungue, maana kipeperushi kilisema usifungue chochote kabla ya kuwapa taarifa. Nikapiga simu. Walinipokea vizuri mno. Pole mama, pole sana, tutumie picha za gari, za tairi, za chini, na utueleze ulikuwa unatoka wapi na njia ikoje. Nikatuma kila kitu, na tope kavu likionekana kwenye tairi.

Baada ya siku mbili ikaja barua. Dai limekataliwa kwa kifungu cha 9(c): gari limetumika nje ya barabara. Wameambatanisha picha zangu mwenyewe, video niliyoweka stetasi tukivuka korongo lililokauka, na ramani ya safari zangu zote za miezi minne iliyotoka kwenye ile GPS ya ofa.

Nikakaa chini na binti yangu tukausoma mkataba neno kwa neno. Ukurasa wa nne, kwenye maana ya maneno, tukakuta hiki: nje ya barabara maana yake ni sehemu yoyote isiyo na lami au zege.

Naomba mlitafakari hilo. Barabara ya Longido kwenda Kitumbeine ipo kwenye ramani, greda hupita, ina shule na zahanati kando yake, na watu husafiri humo kwenda mnadani. Ni barabara. Kwa maana yao, mwalimu anayeishi kilomita mbili kutoka lami amevunja waranti yake siku ya kwanza alipolipeleka gari nyumbani. Tazameni pia watu wa utalii. Ukitoka Arusha kupitia Makuyuni na Karatu, lami inakwisha kwenye geti la Lodoare pale Ngorongoro. Kutoka hapo mpaka Naabi na Seronera ni changarawe, na ukishaingia Serengeti kanuni ya kawaida ni kwamba dereva haruhusiwi kuiacha hiyo barabara ya changarawe akakate mbuga. Yaani dereva anayetii sheria ya hifadhi, kwa karatasi hii, anahesabiwa yuko nje ya barabara tangu getini. Waliouandika mkataba huu walijua wanamuuzia nani. Mtu hanunui Prado ili azunguke Posta na Kariakoo.

Sasa kuhusu difu, maana hapa ndipo uongo wao ulipojionyesha. Nilipokataliwa nikalivuta gari mpaka Arusha kwa fundi ninayemwamini, nikasimama pale akifungua, binti yangu akipiga video. Prado ya umbo lile huendesha magurudumu yote manne muda wote. Difu ya mbele haisubiri uingie porini ndipo ianze kazi, inazunguka hata ukiwa kwenye lami ya Bagamoyo. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi tii, nzito, imejaa chenga za chuma. Maji yangeingia, oili ingekuwa kama chai ya maziwa, na haikuwa hivyo. Ganda la difu halikuwa na mkwaruzo wala alama ya jiwe. Beringi ilikuwa imekula upande mmoja, na fundi alisema uchakavu wa namna ile ni wa muda mrefu, gari lilikuja nao.

Kisha akachukua bisibisi akakwangua chini ya bodi. Rangi nyeusi ikabanduka kama ganda la yai, ndani yake kutu tupu. Japani, sehemu zenye theluji nyingi kama Hokkaido, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi, na magari ya huko huliwa na kutu kuanzia chini. Linapofika yadi linapigwa rangi nyeusi, linang'aa, mnunuzi anaona limetunzwa. Rangi ilikuwa imepita hadi juu ya nati za difu. Maana yake aliyepaka alilala chini ya gari lile akaona kila kitu kabla yangu.

Nilimpigia tena kijana wa mauzo. Safari hii akaniambia waranti si ya yadi, ni ya kampuni nyingine. Nikatoa risiti. Kweli: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya gari ina jina la yadi, lakini ile milioni 2 na laki 4 niliandikiwa kwa kalamu kwenye kijitabu, na muhuri una jina la kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Nilimtuma mpwa wangu aliyeko Dar akaitafute. Ofisi ni chumba kile kile, meza ile ile, dada yule yule wa mapokezi.

Nilipoendelea kung'ang'ana, meneja akaniambia nijaribu "waranti ya kiwanda", eti bado inaendelea. Huo nao ni uongo, na nimeshasikia wengine wakiambiwa hivyo. Waranti ya Toyota kwa magari yanayouzwa kule Japani ni miaka 3 au kilomita 60,000 kwa vitu vya kawaida, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa vitu vikubwa kama injini na mfumo wa kuendesha magurudumu, kinachotangulia. Gari la 2007 lilimaliza hata ile ndefu mwaka 2012.

Sisemi kila waranti ni wizi. Gari jipya kutoka kwa wakala anayetambulika huja na waranti ya kweli, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000. Nayo ina mipaka: brekipedi, klachi na tairi huwa hazimo, na ukilipeleka kwenye mashindano, ukilibebesha kupita kiasi, ukaruka sevisi au ukalizamisha mtoni mpaka injini ikanywa maji, gharama ni yako. Hayo ni haki. Kinachoangaliwa pale ni sababu ya kitu kuharibika. Difu ikipigwa na jiwe, jiwe litaacha alama. Hii niliyouziwa mimi haiulizi sababu, inauliza tu kama tairi liligusa udongo. (Ninyi wa Arusha mnaokata chesisi na kuinua springi kwa ajili ya watalii, sehemu mliyoibadilisha haitalindwa hata na wakala mwaminifu, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukata.)

Kwa hiyo kama kuna mtu yuko mezani na hawa watu leo, usisaini kwanza. Omba mkataba uende nao nyumbani. Ukienda, anza na ukurasa wa mwisho, kwenye maana ya maneno. Waandikie swali moja: barabara ya changarawe inayohudumiwa na TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini) imo au haimo? Wakijibu imo, iandikwe ndani ya mkataba na isainiwe, msikubali ya mdomo. Taja kwa maandishi kazi ya gari na maeneo unayokwenda, kwa sababu Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua uzito wa mnunuzi kumweleza muuzaji kazi anayokitakia kitu na kutegemea ujuzi wake. Risiti ya waranti iwe ya EFD na jina liwe la yule yule anayekuuzia gari. Lipandishe gari juu na fundi wako, si wao, akwangue rangi ya chini na afungue nati ya oili ya difu zote mbili. Omba karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha hali ya gari lilipouzwa kule. GPS ya bure ikataeni, au nywila ibaki kwenu peke yenu. Na gari likiharibika, kabla ya kutuma picha yoyote, tafuteni fundi asiye na upande aandike alichokiona na asaini.

Mimi nimeshalipa. Difu ya mtumba milioni 1 na laki 9, ufundi na kulivuta laki 5, na siku 11 gari likiwa juu ya mawe. Siku hizo wafugaji wa Gelai walikuwa wananisubiri na dawa ya ndigana, na kuna mzee alipoteza ndama wawili akinisubiri. Hilo linaniuma kuliko hela.

Malalamiko nimeyapeleka Tume ya Ushindani, inayosimamia sheria ya 2003 inayomlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa namna hii. Nimeambatanisha ujumbe wa sauti, kipeperushi, risiti zote mbili na video ya fundi. Wiki iliyopita nimeona yadi ile ile imetangaza Prado nyingine ikiruka kwenye mchanga, na maneno "waranti mwaka 1" juu yake. Nimeihifadhi video hiyo nayo.

Aliye na mkataba wenye kifungu cha 9(c) kama changu, aniandikie sehemu ya ujumbe. Msitume majina ya wafanyakazi wala namba zao hapa hadharani. Nitumieni nakala ya ukurasa wa nne na risiti ya waranti, tuyapeleke pamoja.