Nilivyorekebisha diski yangu bila CD ya kurejeshea mfumo

Laptopu yangu haikuja na CD wala DVD ya kurejeshea mfumo, na sikuona hasara. Mpaka siku ilipowaka, nembo ikatokea, vidoti vikazunguka nusu saa, na ndani nikasikia diski ikigonga tk, tk, ikinyamaza, ikigonga tena.

Kilichonisaidia ni chkdsk, programu ya siku nyingi ya kukagua na kurekebisha diski, iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Kazi ni kuifikia. Windows 10 ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hujipeleka kwenye ukurasa wa matengenezo. Yangu iligoma hata hapo, basi nikaazima kompyuta nyingine, nikapakua Media Creation Tool ya Microsoft na kutengeneza flashi ya kuwashia. Inataka flashi ya angalau GB 8, na hufuta kila kilichomo. Ukifika kwenye kitufe cha kusakinisha, usikiguse! Chini kushoto kuna maandishi madogo ya kutengeneza kompyuta, na huko ndiko liliko dirisha jeusi la kuandikia amri.

Nikaandika chkdsk C: /f, yaani kagua C na urekebishe makosa. Sekunde chache, imemaliza, hakuna kosa. Nilishangilia bure. Ukiwashia flashi, herufi za diski zinaweza kubadilika: C ilikuwa kile kisehemu kidogo cha mfumo, Windows yenyewe iko D. Ungeandika dir D: kwanza, amri inayoorodhesha vilivyomo, ukaiona folda ya Users, ungejua.

Kosa lile lilikuwa bahati, maana lilinipa muda wa kufikiri. Amri ya /r husoma diski nzima ikitafuta sekta mbovu, yaani vipande visivyosomeka, na diski inayogonga inaweza kufia njiani. Kwa hiyo, ili niokoe faili zangu kwanza, nikaandika notepad (programu ndogo ya kuandikia maandishi) kwenye dirisha lile lile, nikaenda mahali pa kufungua faili, nikachagua zionekane faili za aina zote. Hapo unabofya folda kitufe cha kulia, unanakili, unabandika kwenye diski ya nje. Haionyeshi kazi imefika asilimia ngapi, unangoja tu. Picha zote zilitoka, isipokuwa folda moja iliyogoma kabisa.

Ndipo nikaipa chkdsk D: /r. Ina hatua tano; ya nne, inayosoma faili zako, ilikwama kwenye asilimia 11 mpaka nikaenda kulala. Asubuhi ilikuwa imemaliza na kutaja KB kadhaa za sekta mbovu. Nikachomoa flashi, Windows ikawaka.

Naipa chkdsk nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu hupanga upya kumbukumbu za faili na kuzitenga sekta mbovu, lakini bamba la ndani ya diski lililochakaa haliponyi. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, iliniwekea rangi ya njano ya tahadhari siku ile ile, na idadi ya sekta zilizohamishwa (mbovu zilizobadilishwa na za akiba) ikawa inapanda kila nilipoangalia. Baada ya wiki tatu nikaweka SSD, diski isiyo na bamba la kuzunguka. Ile ya zamani ninayo bado, ila sihifadhi humo hata wimbo mmoja.