Mifuko ya kinga njaa: inafaa, ila sio kwa kila mtu

Jamani msimu ndo huo, hapa Kibaigwa kila kona ni salfeti za mahindi, na swali ni lilelile, hii mifuko ya kinga njaa ya kuhifadhia mahindi inafanya kazi kweli au tunaliwa hela. Mi naitumia. Inafanya kazi.

Kwa nje ni kiroba tu, ule utepe wa plastiki uliofumwa uliowatoa sokoni wazee wa magunia ya katani sababu ni rahisi na mwepesi. Ubaya wa kiroba kinapitisha hewa, na palipo na hewa dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, anashiba, huyu dumuzi toka alipoonekana Tabora mwaka 1981 watu wakamwita Scania hana masihara kabisa, unaweka mahindi mwezi wa saba, ikifika krismasi unachota vumbi. Sasa kinga njaa ina mifuko miwili ya nailoni nzito humo ndani, utaalamu wa chuo cha Purdue cha Marekani walioanza nao kwenye kunde kule Cameroon. Unafunga wa kwanza, unafunga wa pili, halafu unafunga kiroba, wadudu waliobaki ndani wanamaliza oksijeni wenyewe wanakufa. Dawa huweki hata chembe, na ugali wake haunuki dawa, mi hilo tu lilinitosha.

Ila mahindi yawe makavu kweli. Kama huna kipimo chukua chupa kavu, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa, subiri kama robo saa, chumvi ikiganda kwenye chupa yarudishe kwenye turubai juani. Ukifunga mabichi yanaota ukungu humohumo usije kulaumu mfuko.

Kero zipo. Bei ya mmoja unapata viroba kadhaa, kwahiyo kama unauza shambani hapohapo achana nayo, nunua kiroba. Panya akitoboa basi, weka juu ya chaga mbali na ukuta. Mahindi ya kula kila siku usiweke humo maana kila ukifungua hewa inaingia. Na kagua kabla hujalipa, duka moja walinipa wenye mfuko mmoja wa ndani nikawarudishia palepale. Ah na lumbesa, ule ujazo wa kupita kiasi, humo haiwezekani, lazima uache shingo ya kufungia, madalali hawaipendi mi naipenda kwa hilohilo 😂

Wanaotengeneza wakinisikia, kiroba cha nje kiwekwe kinga ya jua, kikikaa juani kinapukutika mikononi. Na wauze mifuko ya ndani peke yake, maana mara nyingi inatoboka ndani huku nje bado kizima, unalazimika kununua seti nzima. Kama kuna duka la pembejeo Dodoma wanauza ya ndani tu niambieni nitume mtu.