Ondansetroni ya kuyeyuka ulimini: hodari siku ya kwanza, baada ya hapo iongezewe nguvu

Kwa mgonjwa wa saratani ambaye hata funda la maji linamrudia, kidonge hiki cha kuzuia kutapika kinastahili sifa zake. Kipo cha miligramu 4 na cha 8. Usikisukume kitoboe foili kama vidonge vingine, ni chepesi na kitamong'onyoka. Kausha vidole, bandua foili, kiweke juu ya ulimi. Kikiyeyuka, kimeze na mate. Maji si lazima.

Wengi hudhani kikishayeyuka kimeshaingia mwilini. Sivyo. Dawa hufyonzwa kwenye utumbo, kwa hiyo anayetapika punde tu baada ya kumeza huenda dozi imekwenda na matapishi. Hapa unapata urahisi wa kumeza, si nguvu zaidi. Anayetapika mfululizo apewe sindano.

Dozi iliyozoeleka kwa mtu mzima anayepata kemotherapi (kemo, dawa za kuua saratani) ya kutapisha kwa wastani ni miligramu 8 nusu saa kabla ya dripu, 8 nyingine saa 8 baada ya dozi ya kwanza, kisha 8 kila saa 12 kwa siku moja au mbili. Ini likiwa limedhoofika sana, isizidi 8 kwa siku nzima. Kungoja kichefuchefu kianze ni kuchelewa: kazi yake ni kuzuia serotonini, kemikali ya kuchochea kutapika inayomwagwa na utumbo mapema baada ya kemo.

Udhaifu wake huonekana siku ya pili na ya tatu. Cisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, hasa hutapisha kwa awamu ya pili inayopitia njia nyingine, na hapo ondansetroni peke yake haifui dafu. Inahitaji kuongezewa dawa nyingine za kuzuia kichefuchefu: deksamethasoni, aprepitanti au olanzapini (hii humezwa usiku, maana inalevya usingizi). Kichefuchefu kikipenya licha ya dawa, mwombe daktari dawa ya kundi jingine badala ya kurundika ileile.

Kero kubwa ni kufunga choo, na ikikutana na mofini (dawa kali ya maumivu inayofunga choo pia) ndiyo balaa. Choo kikikwama kichefuchefu hurudi, mgonjwa anaongezewa ondansetroni, choo kinazidi kukwama. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Tumbo likivimba na hata ushuzi hautoki, acha vidonge uwahi hospitali. Utumbo huenda umeziba.

Mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na potasiamu (madini ya damu) kwanza, maana dawa hii yaweza kuvuruga mapigo, hasa potasiamu ikiwa chini. Kutapika kwenyewe hushusha potasiamu.