Waya wa amplifaya ya gari: shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba?
Kwa bei, alumini iliyopakwa shaba inashinda waziwazi. Ila hupitisha umeme kwa takriban thuluthi mbili tu ya shaba, kwa hiyo ukiichagua nunua waya mnene zaidi. Shaba hustahimili kukunjwa na mtikisiko. Kwenye unyevu wa chumvi wa Tanga au Mombasa, alumini huliwa mapema pale kwenye maungio.

Fyuzi ni lazima kwa zote mbili: ndani ya sentimita 45 kutoka betri, ukubwa usizidi uwezo wa waya. Mafundi wengine huiweka kwenye buti. Jamani, hapo waya wote chini ya zulia hauna kinga, ukichunika unawaka.

Amplifaya ndogo, gari utakaloliuza mwakani? Alumini nene yatosha. Besi nzito, gari la kudumu nalo? Lipia shaba.