Kliniki ya akina mama Ngamiani: daktari safi, mapokezi mtihani

Nyota nne. Ya tano wameila wa mapokezi, nitawafikia.

Mimi fundi cherehani, hedhi ilishakoma zamani. Nilikwenda kupima UTI kituo kingine hapahapa Tanga, altrasaundi ikaonyesha uvimbe, nikaambiwa kizazi kitolewe. Maelezo hakuna. Shoga yangu akanivutia hapa Ngamiani.

Daktari ni binti wa rika la mwanangu, akaanza na shikamoo. Alipima tumboni kibofu kikiwa kimejaa, akanituma nikakojoe, kisha akaomba ruhusa atumie kipimo cha kuingiza ukeni, muuguzi wa kike akiwa pembeni. Akanigeuzia kioo: "Mama, faibroidi za kawaida mara nyingi zinaonekana nyeusinyeusi. Hii yako inang'aa."

Weupe ule alishuku ni mafuta. Akasema huenda ni lipoleiomioma, faibroidi yenye mafuta ndani, si saratani, haionekani mara kwa mara na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Au ni demoidi, uvimbe wa ovari (kile kifuko cha mayai ya uzazi), ambao nao una mafuta, pengine hata nywele na meno. Astaghfirullah! Akaminya tumbo taratibu huku akitazama kama uvimbe unakwenda pamoja na kizazi au unateleza peke yake. Ulikwenda nacho. Hakuridhika, akaniandikia CT-scan. Ikaonyesha mafuta kwenye ukuta wa kizazi, ovari zote ziko mbali na uvimbe.

Basi kisu kikawekwa kando. Hauniumi, haubani kibofu, kwa hiyo tunauangalia tu, nirudi baada ya miezi sita. Nikiona damu hata tone, au tumbo likijaa, nisingoje tarehe, maana damu baada ya kukoma hedhi lazima itafutiwe sababu yake. Na hakunificha: uhakika kamili hupatikana uvimbe ukitolewa na kupimwa kwa hadubini. Mwingine angenitoza upasuaji nikashukuru.

Sasa mapokezi. "Nani wa uvimbe wa kizazi?" Yule msichana aliita kwa sauti ya mnadani, na shemeji yangu yupo benchi la mbele kamleta mkewe! Mfundisheni kuita majina.

Bima hawapokei, ila nililipa bei ileile iliyobandikwa ukutani. Nendeni na picha zenu za zamani, daktari anazitaka. Maji nunueni nje kabisa. Kibofu kisipojaa mnarudishwa benchi.